Biewer Terrier katika jua na vumbi la Dodoma: dalili na vyanzo vyake

Biewer Terrier ni mbwa mdogo wa ndani, mwenye uzito wa kati ya kilo 1.8 na 3.6, nywele ndefu zinazoteleza kama hariri, na rangi tatu: nyeusi au bluu ya risasi mgongoni, dhahabu kichwani, na nyeupe kifuani, tumboni, miguuni na kwenye ncha ya mkia. Alianzia Ujerumani, nyumbani kwa Werner na Gertrud Biewer, waliokuwa wakifuga Yorkshire Terrier. Tarehe 20 Januari 1984 alizaliwa kwao mtoto mwenye mabaka meupe ambayo baba yake hakuwa nayo wala mama yake, wakamwita Schneeflöckchen, yaani kipande kidogo cha theluji. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamebeba jeni ya mabaka bila kuionyesha. Wabebaji wa namna hiyo wakikutana, kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne huzaliwa na mabaka. Marekani, American Kennel Club, chama kinachosajili aina za mbwa, ilimkubali kuwa aina inayojitegemea mwezi Januari 2021.

Historia hiyo nimeitanguliza kwa sababu ndiyo msingi wa kila kitakachofuata. Rangi ni ngeni, lakini mwili ulioibeba ni wa Yorkshire Terrier, na maradhi yake kwa sehemu kubwa ni ya Yorkshire Terrier. Nimefuga jike mmoja wa aina hii mtaa wa Kisasa kwa miaka saba, jina lake Pamba, na makosa yangu mengi ya mwanzo yalitokana na kudhani kwamba mbwa mwenye rangi adimu lazima augue maradhi adimu. Mara nyingi kilichokuwa kinamsumbua ni udogo wake, vumbi, au kitu nilichompa kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi si daktari wa mifugo, na maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari. Yanamsaidia mfugaji kujua aanze kutazama wapi, na wakati gani aache kutazama akamkimbize mbwa kwenye matibabu.

Nyeusi inafifia na kuwa kijivu

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine, na muulizaji kwa kawaida huwa na wasiwasi kwamba ameuziwa mbwa wa bandia au kwamba chakula kina upungufu. Mtoto wa Biewer huzaliwa na sehemu nyeusi tii, na kuanzia umri wa miezi kadhaa hadi miaka miwili au zaidi weusi huo huweza kupauka taratibu kuelekea bluu ya risasi, kama ilivyo kwa Yorkshire Terrier. Nywele zikiwa bado nyingi, zinang'aa, na ngozi iliyo chini yake ni safi, hakuna ugonjwa wa kutibu.

Ipo hali nyingine inayofanana na hiyo kwa mbali, nayo ndiyo moja kati ya chache ambazo rangi yenyewe ni chanzo. Kuna mbwa wanaozaliwa tayari wakiwa wa kijivu kwa sababu ya jeni inayozimua weusi, na baadhi yao, kati ya miezi sita na miaka mitatu, huanza kupoteza nywele. Alama ya kuitambua ni mahali nywele zinapopungua: zinakatika na kupukutika katika sehemu za kijivu peke yake, huku nyeupe na dhahabu zikibaki nzima. Hali hii haina tiba ya kuirudisha nyuma. Kinachowezekana ni kuitunza ngozi isikauke na isiingie vijidudu, na mbwa huyo asizalishwe. Kwa hiyo, anayenunua mtoto amuulize muuzaji rangi aliyozaliwa nayo, na ikiwezekana aone picha ya wiki za mwanzo. Nywele zinazopungua sawasawa pande zote mbili za mwili bila kuchagua rangi zinaelekeza kwenye homoni, na hapo vipimo vya damu vinahitajika. Nywele zinazotoka kwa mabaka mabaka yenye muwasho au magamba ni habari ya viroboto, utitiri au fangasi, maradhi ambayo hayachagui rangi.

Mstari mwekundu mgongoni

Nywele za Biewer hugawanyika katikati ya mgongo kuanzia shingoni hadi mkiani, na hazina manyoya ya chini ya kuifunika ngozi. Mahali mgawanyiko huo unapopita kwenye baka jeupe, ngozi ni ya waridi na haina kinga. Dodoma ipo kwenye nyuzi sita kusini mwa ikweta, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, na kwa miezi mingi ya mwaka mawingu ni ya kuhesabu. Ukiona mstari mwekundu unaofuata mgawanyiko huo kama umechorwa kwa rula, mbwa akishtuka anapoguswa, na baada ya siku mbili tatu ngozi ikabambuka, hilo ni jua. Mara nyingi huandamana na wekundu kwenye ncha za masikio na juu ya pua, ikiwa pua yake haijajaa weusi.

Chanzo cha kawaida si matembezi bali kinyozi. Mfugaji anaona joto la Oktoba na Novemba, anamhurumia mbwa, anamnyoa hadi ngozi, kisha anamwachia uani. Nywele zipunguzwe, lakini zibaki na urefu wa sentimita mbili au zaidi mgongoni, na matembezi yawe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Krimu za binadamu za kuzuia jua zisitumike ovyo, kwa kuwa nyingi zina madini ya zinki, na mbwa hulamba kila anachopakwa. Kidonda cha jua kisichopona, au kinachopona na kurudi palepale, kionwe na daktari, kwa sababu ngozi nyeupe inayoungua miaka nenda rudi inaweza kupata saratani.

Michirizi ya kahawia chini ya macho

Machozi ya mbwa yana kemikali zenye madini ya chuma ambazo hugeuka kahawia au nyekundu zinapokaa juani. Mbwa wote wanazo. Kwenye uso mweupe ndipo zinapoonekana. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kwa nini machozi yanamwagika nje badala ya kuteremka puani kama inavyopaswa, kwa maana doa lenyewe ni matokeo tu.

Anza na nywele. Mpeleke mbwa kwenye mwanga wa dirisha, ukivute kope kidogo, utazame kama kuna unywele unaogusa mboni. Nywele za juu ya pua za aina hii hukua kuelekea machoni, na kuzikata au kuzifunga utosini humaliza tatizo kwa mbwa wengi. Baada ya hapo fikiria upepo. Kati ya Juni na Septemba vumbi la Dodoma huingia hata kwenye kabati lililofungwa, na mbwa ambaye macho yake yako sentimita ishirini kutoka ardhini hulipokea kabla yetu. Kitambaa safi chenye maji yaliyochemshwa na kupoa, asubuhi na jioni, kinatosha. Maji ya bombani kwetu ni magumu, sabuni haitoki vizuri kwenye nywele, na mabaki yake yakikaa karibu na jicho huliwasha. Usuuzaji wa mwisho ni vema ufanywe kwa maji ya mvua kama umeyahifadhi.

Uchafu mzito wa kijani au njano unaonata, pamoja na jicho lisilong'aa, unaashiria kwamba machozi ni machache kupita kiasi, hata kama kwa kuangalia tu mtu angesema jicho limelowa. Daktari hupima kwa karatasi maalumu inayowekwa ndani ya kope kwa dakika moja. Ikilowa chini ya milimita 15 kuna jambo la kufuatilia. Jicho linalofumbwa na mbwa kulikuna kwa mguu ni dharura ya siku hiyohiyo, kwani huenda kioo cha jicho kimechubuka. Hapo ndipo watu wanapokosea vibaya kwa kutumia matone yaliyobaki ya mtu wa nyumbani: mengine yana steroidi, na steroidi juu ya mchubuko huweza kulitoboa jicho.

Kikohozi, na sauti inayodhaniwa kuwa kikohozi

Sauti hutofautiana, na mwenye sikio la makini huweza kukaribia jibu kabla ya kufika kwa daktari. Ushauri wangu ni kurekodi kwa simu, kwa sababu mbwa akifika chumba cha daktari hukaa kimya kama hajawahi kukohoa maisha yake yote.

Sauti ya kwanza ni ya kuvuta hewa ndani kwa nguvu kupitia puani, kama mtu anayekoroma akiwa macho. Mbwa husimama, hunyoosha shingo, viwiko vikielekea nje, na baada ya nusu dakika huendelea na mchezo. Hiyo ni chafya ya kinyumenyume, huletwa na vumbi, manukato au moshi wa mkaa, na haina madhara isipotokea mfululizo. Kumsugua koo taratibu humtuliza.

Ya pili ni kavu, inavuma kama mlio wa bata bukini, na hutokea mbwa anapovutwa kamba, anapofurahi mgeni akigonga geti, au anapokunywa maji kwa pupa. Hiyo inaelekeza kwenye bomba la hewa linalobonyea. Pete za gegedu zinazolishikilia bomba hilo hulegea kwa mbwa wadogo wengi wa ukoo wa Yorkshire, na kila msukumo hulibana. Unene huzidisha, joto huzidisha, moshi wa jiko huzidisha. Hatua ya kwanza haihitaji hospitali: ondoa mkanda wa shingoni leo, tumia mkanda wa kifuani, na ukipima uzito ukakuta umezidi, punguza chakula. Pamba alipofika kilo 4.1, kosa langu kwa sababu nilikuwa namgawia chapati, alikohoa kila jioni. Alipoteremka hadi 3.2 kikohozi kikabaki cha mara moja moja, bila dawa yoyote. Ulimi ukigeuka bluu au mbwa akizimia, hiyo si ya kusubiri asubuhi.

Ya tatu ni kikohozi chenye kutoa mapovu mwishoni, kilichoanza siku chache baada ya mbwa kukaa na wengine. Ni maambukizi, mara nyingi huisha ndani ya wiki mbili, lakini homa au kukataa chakula hubadilisha hesabu. Ya nne ni kikohozi cha usiku cha mbwa mzee, zaidi ya miaka minane, anayechoka haraka kuliko zamani: hapo moyo usikilizwe, kwa kuwa vali za moyo za mbwa wadogo huchakaa.

Anachechemea

Kabla ya kufikiria mifupa, fungua vidole. Miguu yenye manyoya marefu huokota mbigiri na miiba ya migunga, na nywele zikishikamana kati ya vidole huwa fundo gumu kama punje ya hindi linalomuumiza kila akikanyaga.

Ukikuta miguu safi, tazama namna anavyochechemea. Mbwa anayekimbia vizuri, ghafla akanyanyua mguu wa nyuma kwa hatua tatu nne, akaurusha nyuma na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, pia yake ya goti inateleza kutoka kwenye mfereji wake. Madaktari huipanga hali hiyo kwa daraja nne. Mbili za mwanzo huishi na mbwa bila upasuaji ikiwa uzito unadhibitiwa na harukiruki kwenye makochi. Mbwa wa miezi minne hadi kumi na mmoja anayechechemea bila kupumzika, kila siku zaidi ya jana, na paja la upande huo likipungua unene, ni suala la nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu na kuoza ndani. Huyo anahitaji picha ya eksirei na mara nyingi upasuaji. Kwa shughuli kama hizo, wafugaji wengi wa hapa huelekezwa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na ni vizuri kupiga simu kwanza. Mguu wa mbele ulioning'inia baada ya mbwa kuruka kutoka mikononi mwa mtoto umevunjika hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Mifupa hiyo ina unene wa penseli.

Usimpe paracetamol wala diklofenaki. Dozi ndogo ya mtu mzima ni kubwa mno kwa mwili wa kilo tatu, na nyingine huua ini, nyingine hutoboa tumbo.

Analegea, anatetemeka, hasikii akiitwa

Pamba alikuwa na wiki kumi. Nilimkuta saa kumi na mbili asubuhi kwenye kikapu chake, juu ya kanga, kichwa kimelala upande, macho wazi lakini hayanifuati. Nilipomwinua alikuwa mlegevu kama soksi iliyolowa. Fizi zake, ambazo kwa kawaida ni za waridi, zilikuwa zimepauka na baridi kwa kidole. Jirani yangu, mama wa makamo anayeuza asali ya Manyoni, alinisikia nikipiga kelele uani, akaja na chupa yake. Tulipaka asali kwa ncha ya kidole ndani ya shavu na kwenye fizi, kidogo kidogo, bila kummiminia kooni. Baada ya dakika sita au saba alilamba kidole.

Ilikuwa sukari ya damu kushuka. Mtoto wa Biewer hana akiba: ini ni dogo, mafuta hakuna, na mfungo wa usiku mmoja, baridi ya Julai, minyoo au safari ndefu ya basi hutosha kuimaliza sukari yake. Chini ya miligramu 60 kwa desilita matatizo huanza. Mtoto wa chini ya miezi minne ale mara nne au tano kwa siku, na mlo wa mwisho uwe kabla tu ya kulala. Asali ni ya kumvusha hadi kwa daktari, na akishazinduka apewe chakula halisi mara moja, la sivyo sukari itashuka tena. Aliyezimia kabisa asiwekewe kitu kinywani isipokuwa kupakwa kwenye fizi.

Dalili hizohizo kwa mbwa mkubwa zina maana nyingine. Anayezubaa, kuzunguka ovyo au kusukuma kichwa ukutani saa moja au mbili baada ya kula nyama anaweza kuwa na mshipa wa damu unaolikwepa ini, kasoro ya kuzaliwa inayojulikana sana katika ukoo wa Yorkshire. Mara nyingi mbwa hawa ni wadogo hata kwa kiwango cha ndugu zao, na wauzaji huwasifia udogo huo kwa bei ya juu. Kipimo kinachoombwa ni cha asidi za nyongo, kabla ya mlo na saa mbili baadaye.

Fizi nyeupe, madoa tumboni

Hapa ngozi nyeupe ya Biewer ni msaada mkubwa. Mlaze chali chini ya taa, ugawanye nywele za tumbo. Vidoa vyekundu visivyofifia ukibonyeza, au michubuko isiyo na sababu, ni damu inayovuja chini ya ngozi. Vikiandamana na homa, uvivu, fizi zilizopauka au damu puani, mshukiwa wa kwanza ni ugonjwa wa kupe uitwao eliki (ehrlichiosis), unaoenezwa na kupe wa kahawia anayeishi kwenye nyufa za kuta za nyumba zetu. Mkojo wa rangi ya kahawa au macho ya njano huelekeza zaidi kwa ndugu yake, babesia. Yote mawili hupimwa kwa damu na yote mawili yana dawa. Eliki hutibiwa kwa doksisaiklini kwa wiki nne hivi, na kuacha kati kwa sababu mbwa amechangamka ni kuukaribisha urudi. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2, kwa hiyo usimpime kwa kiganja chako.

Sasa kuhusu dawa ya kuogeshea. Mkoa wetu ni wa wafugaji wa ng'ombe, na kila duka la pembejeo lina dawa ya josho kwa bei nafuu. Muuzaji hukupimia kwa kifuniko cha chupa. Dawa hizo zimetengenezwa kwa mnyama wa kilo mia mbili na zaidi. Nyingi zina amitrazi, ambayo kwa mbwa wa kilo mbili inaweza kumlaza, kumshusha joto na mapigo ya moyo, na kumuua. Hali ni hiyohiyo kwa sindano ya ivamektini ya ng'ombe, ambayo tone lililozidi halionekani kwa macho. Tumia dawa iliyoandikwa kwa mbwa, yenye kiwango cha uzito wake, na umpime kwa mizani ya jikoni siku hiyo badala ya kukisia.

Anatapika baada ya kutoka uani

Kutapika mara moja baada ya kula majani si jambo. Kutapika pamoja na kuhara damu kwa mtoto asiyemaliza chanjo ni parvo, ugonjwa wa virusi vya utumbo, hadi vipimo viseme vingine, na kila saa ina thamani. Lakini Dodoma ina chanzo chake ambacho mwongozo wa mbali hauwezi kukupa uzito unaostahili: zabibu.

Mkoa huu ndio unaolima zabibu kwa wingi nchini, mashamba yapo Hombolo, Mpunguzi na kwingineko, na nyumba nyingi mjini zina mzabibu mmoja umetandazwa juu ya uzio au kibanda cha kuegeshea gari. Msimu ukifika, zilizoiva huanguka, na mbwa mfupi hupita chini yake akiokota. Zabibu huharibu figo za mbwa. Hakuna idadi iliyothibitishwa kuwa salama. Mbwa mmoja hula kumi asidhurike, mwingine huumia kwa chache, na kwa mwili wa kilo mbili na nusu "chache" ni tano au sita. Zabibu kavu ni mbaya zaidi kwa kuwa zimekolea, na hizo zimo kwenye pilau ya sikukuu na kwenye keki.

Mpangilio wa dalili ndio unaowapotosha wafugaji. Mbwa hutapika ndani ya siku ya kwanza, kisha huonekana amepata nafuu, na mwenye mbwa hulala usingizi. Kati ya saa 24 na 72 ndipo mkojo hupungua au hukatika, mbwa hukataa maji, pumzi hunuka. Kwa wakati huo figo zimekwishaumia. Kwa hiyo usisubiri dalili: ukiona maganda kwenye matapishi, au ukimkuta akitafuna chini ya mzabibu, mpeleke ndani ya saa mbili ili daktari amtapishe, kisha awekewe dripu na kupimwa figo kwa siku mbili au tatu. Usimtapishe mwenyewe kwa maji ya chumvi, kwani chumvi hiyo nayo ni sumu kwa mwili mdogo. Chukua kichala kimoja, kadiria zilizopungua, na umwambie daktari idadi pamoja na saa uliyomwona. Mimi niliuzungushia mzabibu wangu wavu wa banda la kuku hadi usawa wa goti, na kila asubuhi ya msimu mwanangu hufagia chini yake kabla mlango wa nyuma haujafunguliwa.